Baba yuko nyumba ya wazee: je, tumhamishie kaka nyumba ili Medicaid ilipe?

"Shikamoo wakili. Sisi ni Watanzania, tunaishi karibu na Houston, Texas, na wazazi ni raia wa Marekani. Baba ana miaka 78. Alipata kiharusi mwezi uliopita, akalazwa hospitali siku sita, sasa yuko nyumba ya wazee anafanyiwa mazoezi. Anaelewa kila kitu ila anaongea polepole na mkono wa kulia hauna nguvu. Tumeambiwa Medicare itaacha kulipa karibuni na hawezi kurudi nyumbani. Mama ana miaka 71 na ni mzima. Nyumba yao haina deni, thamani yake kama $260,000, na akiba ni $96,000. Baba anapata $1,850 kwa mwezi ya Social Security (pensheni ya serikali), mama $780. Kuna pia nyumba baba aliyojenga kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Marangu, Kilimanjaro, anaishi shangazi. Kila mwezi mama humtumia shangazi $400, na mwaka jana wazazi walitoa $15,000 kwa harusi ya mdogo wetu. Kuna na akaunti ya kikoba chetu kwa jina la mama, $8,500. Kanisani wanasema serikali itachukua nyumba. Kaka anataka tumhamishie nyumba na hela wiki hii, na ya Marangu tusiitaje. Tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nianze na kaka, maana ndiye mwenye haraka. Mwambie asitie saini kitu chochote wiki hii. Najua anawapenda wazazi na anaogopa jasho la miaka yao lisipotee, lakini hayo anayopendekeza ndiyo yatakayoharibu kinga ambayo mama yenu tayari anayo kisheria. Kwa maelezo uliyonipa, familia yenu iko mahali pazuri kuliko mnavyodhani. Ninachohofia mimi siyo nyumba ya Houston. Nahofia hela zilizokwenda nyumbani bila karatasi.

Kwanza tuyatenganishe majina mawili yanayofanana. Medicare ni bima ya wazee, haiangalii una mali kiasi gani, lakini hailipi malezi ya muda mrefu. Mgonjwa aliyelazwa hospitali siku 3 au zaidi inaweza kumlipia nyumba ya wazee hadi siku 100, tena kama bado anahitaji wauguzi au mazoezi ya kitaalamu. Siku 20 za kwanza inalipa zote, na kuanzia ya 21 mgonjwa anachangia $209.50 kwa siku. (Namba zangu ni za mwaka 2025, nyingi hupanda kila Januari.) Baada ya hapo ni mfuko wenu, au Medicaid. Medicaid inagharimiwa na serikali kuu pamoja na jimbo, ni msaada kwa asiye na uwezo, na ndiyo inayopekua mali. Kwa Texas mwombaji mwenyewe hatakiwi kuwa na zaidi ya $2,000 za mali inayohesabiwa, na kipato chake kisizidi $2,901 kwa mwezi. Baba na $1,850 zake yuko chini. Angezidi, kuna akaunti maalumu ya amana inayotatua hilo, lakini ninyi haiwahusu.

Hiyo $2,000 ndiyo inayowatisha watu. Wanasikia namba hiyo wanadhani mama naye atabaki na $2,000. Siyo hivyo. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 sheria ya Marekani inamlinda mke au mume anayebaki nyumbani asifukarishwe na ugonjwa wa mwenzake. Siku baba alipoingia hospitali na kuunganisha nyumba ya wazee, bila kurudi nyumbani kwa siku 30 au zaidi, mali yao inayohesabiwa inapigwa picha, yaani kiasi kilichopo siku hiyo ndicho kinachoandikwa. Nusu ni ya mama, na hiyo nusu haiwezi kuwa chini ya $31,584 wala kuzidi $157,920. Kwenu nusu ya $96,000 ni $48,000. Ongeza $2,000 za baba, zinabaki $46,000 zinazoonekana kama lazima ziliwe na gharama za matibabu kabla serikali haijalipa.

Wengi huishia hapo, wakaanza kulipa. Lakini kuna mlango mwingine, na kwa kesi kama yenu ndio mlango mkuu. Sheria inamwekea mama kiwango cha kipato cha kuishi, kwa Texas $3,948 kwa mwezi. Chukua $780 za mama, ongeza za baba ukishatoa $75 anazobakiziwa kwa sabuni na mahitaji yake madogo: jumla $2,555. Pengo ni karibu $1,400. Kama kipato cha wote wawili hakifikii kiwango, Texas inaruhusu mama abakiziwe akiba zaidi, kiasi ambacho riba yake ingeweza kuziba pengo hilo. Ili riba ya benki izae $1,400 kila mwezi unahitaji akiba kubwa mno kuliko $96,000. Maana yake ni kwamba kuna uwezekano mkubwa mama akaruhusiwa kubaki na akiba karibu yote, na Social Security ya baba ikaenda kwake badala ya kwenda nyumba ya wazee. Hili halijileti lenyewe. Lazima liombwe, kwa hesabu iliyoandikwa. Nimeona familia zikitumia akiba ya maisha kwa miezi minane kwa sababu hakuna aliyewaambia waombe, na hilo linaniuma kuliko jambo lolote katika kazi hii.

Sasa nyumba. Hapo kanisani hawakosei kabisa, ila wamechanganya mambo mawili. Nyumba ambayo mke anaishi haihesabiwi, iwe na thamani yoyote. Hakuna ofisa atakayekuja kumtoa mama. Kilichopo ni madai baada ya kifo: tangu mwaka 1993 majimbo yanatakiwa kudai gharama za Medicaid kwenye mirathi ya aliyehudumiwa akiwa na miaka 55 au zaidi. Lakini madai hayo hayafanyiki maadamu mjane yuko hai, au kuna mtoto chini ya miaka 21, au mtoto mwenye upofu au ulemavu wa umri wowote. Na Texas inadai kwenye mali inayopita mahakama ya mirathi tu. Majimbo mengine hufika mbali zaidi, kwa hiyo msomaji aliyeko Minnesota, kwa mfano, asichukue jibu hili kama lake.

Kwa hiyo njia ya nyumba ni fupi. Baba amwachie mama sehemu yake; mume kumpa mke hakuna adhabu yoyote. Kisha mama aandikishe hati ambayo mawakili wa Texas wanaiita hati ya Lady Bird: nyumba inabaki yake, anaweza kuiuza au kubadili mawazo bila kumwomba mtu ruhusa, na siku akifariki inakwenda kwa watoto moja kwa moja bila kupita mahakamani. Na aandike wosia mpya. Msidharau hili la wosia. Wazee wetu wengi wameandika "vyangu vyote ni vya mume wangu". Mama akitangulia, na huwa inatokea kwa anayeuguza, nyumba na akiba vinamrudia baba akiwa tayari yuko Medicaid, na kinga yote inaanguka.

Linganisha na kumpa kaka. Medicaid inatazama miezi 60 iliyopita kabla ya maombi, na chochote kilichotolewa bure na baba au mama kinazaa kipindi cha adhabu ambacho serikali hailipi. Wanagawanya thamani kwa gharama ya wastani ya siku moja ya nyumba ya wazee. Tuseme, kwa mfano tu, ni $240: nyumba ya $260,000 inazaa zaidi ya siku 1,080, karibu miaka mitatu. Tena adhabu haianzi siku mliyotoa. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2006, inaanza pale baba anapokuwa ameshatimiza masharti mengine yote, yaani yuko kitandani, akiba ilishapungua, na anayetarajiwa kulipa hayupo. Juu ya hapo, kaka akidaiwa au akiachana na mkewe, nyumba imo kwenye hesabu zao. Akija kuiuza atalipa kodi kwa faida iliyopatikana tangu siku wazazi waliponunua, wakati angeirithi, hesabu ingeanza na thamani ya siku ya kifo. Mama naye atapoteza nafuu ya kodi ya nyumba ambayo Texas inawapa wenye miaka 65 na zaidi.

Kuna kosa jingine ninalolisikia kila mwezi: "Lakini sheria inaruhusu kutoa $19,000 kwa mwaka kwa kila mtu." Hiyo ni sheria ya kodi ya zawadi. Medicaid haiijui.

Nije kwenye linalonisumbua. Sisi ni watu wa kutuma. Ofisa anayepitia akaunti ya wazazi wako ataona mstari mmoja kila mwezi, $400, kwa miaka mitano: $24,000. Ataongeza $15,000 za harusi. Kwake hizo ni $39,000 zilizotolewa bure, na kwa mfano wetu wa $240 ni siku 162. Yeye hajui shangazi ni nani wala mchango wa harusi ni kitu gani, na sheria inamtaka aanze kwa kudhani zilitolewa ili baba aonekane hana kitu. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa. Mkithibitisha kwamba zilitolewa kwa sababu nyingine tupu, isiyohusiana kabisa na kutafuta Medicaid, hakuna adhabu. Kazi ya kuthibitisha ni yenu.

Mama mmoja aliwahi kuniletea mfuko wa plastiki umejaa risiti za kutuma pesa, nyingine wino umeshafifia, na daftari la shule lenye ganda la bluu. Mle aliandika kwa kalamu: ada ya Neema muhula wa pili, dawa za presha za wifi, mabati. Tarehe baada ya tarehe, miaka tisa. Lile daftari lilifanya kazi kuliko barua yangu ya kurasa sita, kwa sababu lilianza miaka mingi kabla mumewe hajaugua. Hicho ndicho unachotafuta: mazoea yaliyoanza zamani, yasiyobadilika baada ya ugonjwa. Muulize mama ana nini. Kampuni za kutuma pesa hutoa orodha ya miamala ukiwaomba. Mwombe shangazi aandike barua, na mwenyekiti wa kijiji agonge muhuri, kwamba anategemea fedha hizo tangu lini na kwa matumizi gani. Ziambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza.

Za harusi ni ngumu kidogo kwa sababu zimetoka kwa mkupuo na ni za juzi. Tafuta kadi ya mwaliko, bajeti ya kamati, ujumbe wa simu wa kuombana michango, risiti ya ukumbi. Tafuta pia karatasi za daktari za mwaka jana zinazoonyesha baba alikuwa mzima, anaendesha gari. Mtu mwenye afya hapangi kiharusi. Sikuahidi kwamba ofisa atakubali mara ya kwanza. Akikataa mna siku 90 za kuomba shauri lisikilizwe upya. Na hata mkishindwa, hesabu ya adhabu ni takriban kiasi kile kile kilichotolewa, hela ambazo mama atakuwa nazo kwenye akiba aliyobakiziwa. Inaumiza, lakini haiangushi nyumba.

Je, mama aache kutuma sasa? Kwa miezi hii ya maombi, ndiyo, zisitoke kwenye akaunti ya wazazi. Ninyi watoto mtume kutoka mifukoni mwenu. Shangazi asilale njaa kwa sababu ya fomu.

Marangu. Itajeni. Fomu inauliza mali popote duniani, na baba au mama atatia saini kwamba amesema kweli. Kuficha ni jinai, na anayeshitakiwa ni aliyetia saini. Lakini kuitaja siyo sawa na kuipoteza. Kinachohesabiwa ni mali ambayo baba ana mamlaka ya kuiuza. Wewe unajua kihamba ni nini. Ofisa wa Texas hajui, inabidi aelezwe kwa maandishi: ardhi ni ya nani, kuna hati ya hakimiliki ya kimila au hakuna, jina gani limeandikwa, ukoo una sauti gani, na kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huwezi kumhamishia mtu haki ya kimila bila halmashauri ya kijiji kuridhia. Kama shangazi ni mmiliki mwenza na hapo ndipo makazi yake, kuna kanuni inayozuia kumlazimisha mmiliki mwenza akose pa kuishi. Kama kila kitu ni cha baba peke yake na kinauzika, basi thamani yake itaingia kwenye hesabu, na itabidi mthamini aliyesajiliwa Tanzania aiandike. Hapo mnahitaji wakili wa Moshi pamoja na wa Houston. Msimwandikishe mtu mwingine kwa haraka, maana huko nako ni kutoa bure ndani ya miezi 60.

Kikoba hakinitishi. Ila hela ya watu ikiwa kwenye akaunti ya mama inaonekana ya mama mpaka athibitishe. Leteni katiba ya kikundi, orodha ya wanachama, daftari la hisa. Kisha kikundi kifungue akaunti yake chenyewe na mama ajitoe kutia saini.

Kabla ya yote hayo, kuna karatasi mbili za wiki hii. Ya kwanza ni hati ya uwakili wa kudumu, ili mama au wewe muweze kusaini kwa niaba ya baba, ikiwa na kipengele kinachoruhusu kumhamishia mama mali. Umesema anaelewa kila kitu. Basi bado ana uwezo wa kisheria, hata kama mkono haushiki kalamu: Texas inaruhusu mtu mwingine mzima amsainie mbele yake kwa maelekezo yake, na mthibitishaji rasmi anaweza kuja mpaka kitandani. Kiharusi cha pili kikija kabla ya hati hiyo, itabidi mwende mahakamani kuomba ulezi, kazi ya miezi na maelfu ya dola.

Ya pili ni mkataba wa nyumba ya wazee. Huenda wamekupa karatasi yenye nafasi ya "mhusika wa malipo". Sheria ya Marekani inawakataza kumlazimisha ndugu awe mdhamini wa deni kama sharti la kumpokea mgonjwa. Andika jina la baba, kisha jina lako kama mwakilishi wake, wala usijifunge binafsi.

Kama hesabu ya mwisho itaacha kiasi cha kupunguza, kipo cha kufanya ambacho siyo kugawa: paa, deni la gari, miwani na meno ya wote wawili, na mkataba wa mazishi uliolipiwa kabla usioweza kutenguliwa. Najua ni neno zito baba akiwa hai. Lakini kama anataka kuzikwa Marangu, gharama ya kusafirisha mwili iandikwe humo, mwombolezaji asije kuzungushiwa bakuli.

Nikueleze na upande mwingine kwa haki. Siyo kila nyumba ya wazee nzuri ina kitanda cha Medicaid, na baadhi hupokea kwanza wanaolipa taslimu. Kuna familia zinazochagua kulipa miezi michache ya kwanza ili baba aingie mahali karibu na mama, kisha ombi likafuata. Uliza mapema kama watambakiza akihamia Medicaid. Uliza pia kuhusu STAR+PLUS, mpango wa Texas unaolipia msaada nyumbani; una foleni, lakini jina liandikwe. Na wewe, kama uliacha kazi ukamuuguza, huwezi kujilipa sasa kwa siku zilizopita bila mkataba wa maandishi. Nasikitika kukuambia hivyo.

Wasomaji wengine, ambao wazazi wenu hawajawa raia: mwenye gridi kadi kwa kawaida husubiri miaka 5, na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inapunguza makundi ya wahamiaji wanaostahili kuanzia Oktoba 2026, wakimbizi wakiwemo. Hilo linahitaji wakili wa uhamiaji kabla ya fomu yoyote.

Kwenu, hili si la kumaliza kwa kusoma. Mtafute wakili wa masuala ya wazee mwenye leseni ya Texas, umwulize moja kwa moja kama ameshawahi kuomba kinga ya akiba ya mwenzi iongezwe. Akisita, tafuta mwingine. Asiye na uwezo wa kumlipa aanze na ofisi ya huduma za wazee ya eneo lake au msaada wa kisheria wa bure, na ofisi ya serikali ikikuhoji una haki ya mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Ombi likichelewa kidogo, Medicaid inaweza kulipa hadi miezi 3 ya nyuma, ingawa kuanzia 2027 itakuwa 2. Siku ya kuonana na wakili, chukua taarifa za benki za miezi 60, hati ya nyumba, barua za Social Security, na huo mfuko wa risiti wa mama. Na mama aje mwenyewe.